Shefu Bandi wa The Witcher 4: Tunamtafuta Pasipo Pake

Kwenye chumba kimoja cha gemu huko Katuba, hapa Lubumbashi, kuna daftari la kurasa mia ambalo mwenye chumba huandikia madeni. Ukurasa wa mwisho hauna madeni. Umegawanywa kwa kalamu nyekundu: kushoto majina ya vijana, kulia jina la yule ambaye kila mmoja anaamini atakuwa shefu bandi wa The Witcher 4. Dau ni kreti ya bia ya Simba, na kwa wale ambao mama zao bado wanawanusa midomo wakirudi nyumbani, kreti ya Fanta. Jumamosi moja nilihesabu majina sita, na hayakufanana hata kwa aina. Mmoja ameandika mfalme, mmoja mchuuzi wa vioo, mmoja "baridi", na mwingine, mwenye hati mbaya kuliko wote, "bale bantu ba kijiji". Ubishi uliofuata ulidumu mpaka umeme ukakatika, kisha ukaendelea gizani.

Kwa wasomaji wa mbali: sisi tuliokulia kwenye video za karate, mtu mwema wa filamu tunamwita akteri, na mkubwa wa wabaya tunamwita shefu bandi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam watasema steringi na adui. Tulirithi pia kanuni: akteri hafi, na shefu bandi huonekana mapema akicheka kwenye kiti kikubwa, halafu hupigwa mwisho. Kanuni hiyo inafaa kwa karate. Kwa studio inayotengeneza The Witcher imeshindwa mara tatu mfululizo, na bado ndiyo inayojaza daftari letu.

Tuanze na kilichopo mezani, maana ni kidogo kuliko kelele zake.

Mnamo Machi 2022 CD Projekt Red, studio ya Warsaw nchini Poland, ilitoa picha moja tu: medali ya chuma iliyofukiwa nusu kwenye theluji, yenye kichwa cha linksi, mnyama wa jamii ya paka ambaye ni ndugu wa mbali wa simbamangu wetu. Tarehe 12 Desemba 2024, kwenye sherehe za The Game Awards, ikaja treila ya dakika kama sita. Anayeongoza sasa ni Ciri, yule binti ambaye katika gemu iliyopita tulimtafuta kwa saa zisizo na hesabu. Juni 2025 likafuata onyesho la kiufundi lililotuonyesha nchi ya Kovir na mji wa bandari uitwao Valdrest, huku Ciri akiwa juu ya farasi wake Kelpie. Na kampuni ilishasema mapema mwaka huo kwamba gemu haitatoka kabla ya 2026 kwisha. Basi. Hakuna mahali popote ambapo studio imesema adui mkuu ni fulani. Yote yaliyobaki ni wachezaji wakiunga nyuzi.

Hapa niingize jambo la nyumbani. Jina Witcher limewaponza vijana wengi wa mtaa huu. Anayejua Kiingereza kidogo akilisikia anafikiria ulozi, na mama mmoja jirani aliwahi kumnyang'anya mwanawe maneti, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, kwa sababu hiyo. Kwa kweli witcher ni fundi wa kuua mazimwi. Anaitwa kijijini, anapatana bei, anafanya kazi, analipwa au anadhulumiwa, anaondoka. Watu wanamhitaji na wanamchukia kwa pamoja. Hadithi za asili ni za mwandishi Mpoland Andrzej Sapkowski, lakini gemu zinaendelea pale vitabu vilipoishia, na mwandishi mwenyewe hafungwi na yanayotokea humo. Jambo hili linamaliza nusu ya ubishi wa Katuba. Mtu akisema "kitabuni fulani alikufa", anazungumza juu ya msingi wa nyumba, na ghorofa inajengwa na wengine.

Sasa tuangalie jinsi studio hii inavyoficha mtu.

Katika gemu ya kwanza, ya 2007, tunaanza kwa kumkimbiza mchawi aitwaye Azar Javed na genge lake lililoiba siri za witcher. Tunamfuata sura baada ya sura. Mwishoni inatokea kwamba nyuma ya genge alisimama Jacques de Aldersberg, mkuu wa jeshi takatifu la kupigana na mazimwi, mtu wa sala na hotuba. Hilo lingetosha. Lakini katikati ya safari Geralt, witcher ambaye ndiye tunayemchezesha, alikuwa amemlea mtoto yatima aitwaye Alvin, mwenye kipaji cha kupita nyakati, akampa hirizi ya kumlinda, akamjibu maswali yake ya kitoto kuhusu mema na mabaya. Mtoto akatoweka. Ukimuua yule mkuu wa jeshi, unaikuta hirizi ileile juu yake. Studio haikusema waziwazi kwamba ni mtu mmoja, ila mkuu yule anapoongea, maneno ya Geralt mwenyewe yanatoka kinywani mwake. Shefu bandi alikuwa amekaa magotini pako, nawe ulimfundisha.

Gemu ya pili, ya 2011, ilifanya kinyume. Mwuaji unamwona mwanzoni kabisa: Letho, jitu lenye upara linalomchinja mfalme Foltest mbele yako. Kanuni ya karate inasema huyo ndiye. Unamfukuza nchi mbili. Ukimfikia, anakaa, anamimina pombe, anakueleza kwa utulivu nani alimtuma na kwa nini alikubali: alitaka shule yake ya witcher irudishiwe uhai, na aliyeahidi hivyo ni Emhyr, mfalme wa Nilfgaard, ambaye hadithi nzima hakutokea hata kivuli. Unaweza kumuua Letho. Unaweza pia kumwacha aende zake, na wengi walimwacha, mimi mmojawao. Nikaenda kulala bila kujua nimeshinda au nimeshindwa.

Ya tatu, ya 2015, ina shefu bandi rasmi: Eredin, mfalme wa wapanda farasi wa mizimu, kofia ya fuvu, sauti nzito. Ni dhaifu. Nasema hivyo nikijua nitatukanwa. Haongei sana, hatumjui, anakufa kwenye meli, na mara tu akifa Ciri anaingia mnarani peke yake kukabili Baridi Nyeupe, balaa la barafu linaloweza kuua dunia nzima na lisilo na uso wa kupigwa ngumi. Yule aliyeandika "baridi" daftarini hakuwa mjinga, alikuwa amechelewa gemu moja.

Ila uovu wa gemu hiyo ambao watu bado wanauota haukuwa Eredin. Mwanzoni kabisa, ndani ya baa ya kijiji cha White Orchard, kuna mtu mpole mwenye nguo za njano zilizochakaa anayekusaidia kwa habari unayoitafuta. Anajitambulisha kuwa Gaunter O'Dimm, aliyekuwa mchuuzi wa vioo. Unamshukuru, unasahau. Miezi kadhaa baada ya gemu kutoka, Oktoba 2015, nyongeza yake ikamrudisha, na tukaelewa kwamba tulikuwa tumezungumza na kitu kinachonunua roho za watu kwa mikataba na kusimamisha wakati kwa kupiga makofi. Kuna mlevi anayemkatiza maneno. O'Dimm anasimamisha baa nzima, anachukua kijiko cha mbao, na sitaeleza zaidi, kuna wanaosoma huku wakila bukari, ugali wetu.

Ndiyo maana jina la O'Dimm linaongoza katika daftari. "Yaya, ule wa vioo njo shefu, bengine bote beko bantu yake," aliniambia kijana mmoja, kwa uhakika wa mtu aliyeshapewa kreti. Hoja yao si mbaya. Hafi kama watu wanavyokufa. Ukimshinda kwenye fumbo lake anafukuzwa tu. Anapenda watu wenye tamaa kubwa, na Ciri, mwenye damu ya kale inayomwezesha kuruka kati ya dunia na nyakati, ni kishawishi kikubwa. Lakini nina shaka, na shaka yangu ni ya kifundi. Waliomwacha O'Dimm achukue roho ya Olgierd, yule aliyefunga naye mkataba, na waliompiga kwenye fumbo wote wawili wako nje wakisubiri gemu mpya. Ukimfanya nguzo ya hadithi, lazima uamue nani kati yao alikosea. Halafu kuna hili: O'Dimm aliumiza kwa sababu hatukumtegemea. Sasa tunamsubiri mlangoni na taa zimewashwa. Mchawi wa kiinimacho hafanyi mchezo uleule mbele ya watu walewale waliokwisha kuona mkono wake.

Shaka hiyohiyo inamwangukia Emhyr. Ni baba mzazi wa Ciri, na katika mmoja wa miisho ya gemu ya tatu, ule ambapo Ciri anakuwa witcher, Geralt anamdanganya mfalme kwamba binti amekufa. Baba mwenye majeshi akigundua amedanganywa: hiyo ni hadithi tamu. Tatizo, Nilfgaard ikishindwa vita, Emhyr anauawa na watu wake mwenyewe, na kushindwa kwa vita hutokana na maamuzi ya mchezaji. Atatajwa, pengine atatuma watu. Kumweka kitini ni gharama. Kuhusu elfu (wale viumbe wa ngano wenye masikio ya ncha) wa ulimwengu mwingine alikotoka Eredin, warithi wake, nitasema tu kwamba wapo na kwamba sisikii mtu akiwaongelea kwa moyo.

Treila je? Hapa ndipo mwenye hati mbaya alipoona kitu ambacho wengine waliruka.

Ciri anafika kijiji kiitwacho Stromford. Binti mmoja, Mioni, anapambwa ili atolewe kwa kiumbe cha msituni, kama walivyofanya wazee. Ciri anakwenda mwenyewe, anapigana, anaua. Zimwi linaitwa Bauk, na jina hilo halikubuniwa: katika ngano za Waserbia bauk ni kiumbe kinachojificha gizani, kwenye mashimo na nyumba zilizohamwa, na hufukuzwa kwa mwanga na kelele. Ciri anarudi akiwa na ushindi wake na kumkuta Mioni ameuawa na watu wa kijiji chake, kwa sababu mila haikutimia. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Stromford walikuwa na zimwi linalowajua, wakaishi nalo kwa mkataba wa binti mmoja mmoja, na aliyekuja kuwaokoa ndiye aliyeonekana mharibifu.

Wengi waliichambua treila hiyo wakikuza kila fremu, wakitafuta uso nyuma ya mti. Wanasahau kwamba treila ni filamu fupi iliyotengenezwa kwa kazi moja: kukufundisha gemu itakuwa na ladha gani. Haina wajibu wa kumficha mtu. Ladha yenyewe iko wazi. Upanga umefanya kazi yake sawasawa na bado mtoto amekufa, na waliomuua wana jina, wana nyumba, kesho wataamka kulima. Sidhani kijiji kile ndicho shefu bandi. Nadhani ni kielelezo chake. Kama kweli treila inatuambia kitu kuhusu adui mkuu, ni kwamba atakuwa mtu ambaye sheria au imani au mkataba viko upande wake, na upanga wa Ciri utakuwa umechelewa.

Kuna uzi mwingine ambao naupenda kuliko wote, na unaanza mwilini mwa Ciri. Katika treila anakunywa dawa za witcher na macho yake yanageuka. Zamani asingeweza. Alifundishwa upanga na ma-witcher lakini hakupitishwa kwenye Jaribio la Nyasi, ile sumu inayobadilisha mwili, ambayo walipewa watoto wa kiume na iliwaua wengi wao. Watengenezaji wamethibitisha kwamba sasa amelipitia. Basi nani alilipika? Maarifa hayo yalikuwa karibu yamepotea. Kulirudisha kunahitaji maabara, vitabu, wachawi wasomi, na fedha nyingi. Medali ndiyo alama ya shule ya witcher, na yake ni ya linksi, shule mpya. Shule haianzishwi na upepo. Kuna mwenye eneo, mwenye fedha, mwenye sababu. Mtu wa namna hiyo angeonekana kama mfadhili. Angemwita Ciri binti yangu.

Ndipo tunafika Kovir, na hapa vijana wa Lubumbashi tuna faida kuliko wachezaji wa Paris.

Kovir, kadiri vitabu vinavyoieleza, ni nchi ya kaskazini yenye baridi iliyodharauliwa mpaka ardhi yake ilipogundulika kuwa imejaa madini. Ikatajirika kupita waliokuwa wakiicheka. Siasa yake ni moja: hatuna upande. Wanauzia wote, wanakopesha wote, mamluki wao hukodishwa. Katika gemu ya tatu, mfalme Radovid alipokuwa akiwachoma wachawi huko Novigrad, Triss, mchawi wa kike aliye rafiki wa Geralt, aliwapakia melini usiku, na meli ilikwenda Kovir, kwa mfalme Tankred. Kwa hiyo nchi ambayo Ciri anaingia sasa ina migodi, ina fedha, ina askari wa kukodi, na ina wachawi wakimbizi ambao wanadaiwa hisani. Rudi kwenye swali la nani angeweza kulipika Jaribio la Nyasi. Vifaa vyote viko ghala moja.

Huku kwetu hatuhitaji mtu atueleze nchi ya namna hiyo. Mji wetu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, na mpaka leo bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na kile kilima cheusi cha masalia ndivyo mgeni anavyopiga picha kwanza. Kabla ya mji, mtawala Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi, alijenga mji wake Bunkeya na kufanya biashara na pwani zote mbili, mashariki na magharibi. Desemba 1891 aliuawa na msafara uliotumwa na mfalme wa Wabelgiji, na hakuna mnunuzi wa shaba yake aliyekuja kumsaidia. Na leo, muulize kreseri, mchimbaji wa mkono, anayetoka shimoni na mfuko begani: nani anakudhulumu? Atasema mwenye mizani. Mwenye mizani atasema bei inapangwa juu. Wa juu hawajui jina la shimo. Betri ya maneti tunayoshika ni ya lithiamu, na betri nyingi za jamii hiyo hutiwa kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka nchi hii. Katika mlolongo wote huo hutampata mtu mwenye kofia ya fuvu. Kila mmoja ana risiti.

Nilipolisema hilo chumbani, kijana wa O'Dimm alikataa mara moja. Alisema gemu inahitaji adui wa kupigana naye mwishoni, huwezi kupigana na risiti. Ana haki, na hapa ndipo fundo lenyewe lilipo. Daftari letu linauliza swali moja kwa maneno ambayo yana maswali matatu ndani yake. Adui wa mwisho, yule mwenye mstari mrefu wa uhai juu ya skrini, ni mmoja. Aliyesababisha mambo ni mwingine. Tutakayemchukia ni wa tatu. Katika gemu ya pili walikuwa Letho, Emhyr, na kwa wengine Síle, yule mchawi wa kike; katika ya tatu Eredin, Baridi Nyeupe, O'Dimm. Mara chache studio hii imewaweka watatu katika mwili mmoja, na ilipofanya karibu hivyo kwa mkuu wa jeshi takatifu, ilihakikisha kwamba tulikuwa tumempenda kwanza akiwa mtoto.

Kwa hiyo anayeandika "zimwi kubwa" anaweza kupata kreti kwa swali la kwanza, aliyeandika Emhyr akalia njaa kwa la pili, na wote wakakosa la tatu. Nilipendekeza ukurasa uchorwe mistari mitatu. Mwenye chumba alikataa, akisema dau likishakuwa na vifungu hakuna atakayelipa.

Basi nikaomba kalamu nyekundu. Nilifikiria kuandika Tankred, nikaona ni jina la juu mno. Mfalme huwa anajua machache. Nilifikiria mchawi mmoja wa meli ya Triss. Mwishowe nikaandika: "atakayempa Ciri kazi ya kwanza Valdrest, na atakayemlipa vizuri." Yule mwenye hati mbaya alisoma begani kwangu, akacheka, akaniuliza kama hilo ni jina. Mwenye chumba alisema hapana, lakini aliliacha, akaniandikia na deni la saa mbili ukurasa wa nyuma yake.